Hewa Tuliyoiita Sifuri

Mchungaji alisoma wasifu wa Zakaria pale kaburini, na mimi nikasimama nyuma ya akina mama wa kwaya nikiusikiliza kama mwalimu anayesahihisha insha. Marehemu alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akafundisha kemia na fizikia kwa miaka mingi, akastaafu, akalima parachichi, akaugua, na ameacha mjane na watoto wanne. Katikati, kati ya kusoma na kufundisha, palikuwa na nusu sentensi: kwa muda mfupi alishiriki utafiti wa hewa. Basi. Wasifu wa misiba yetu ndivyo ulivyo, unapenda vyeti na vyeo, na sikutegemea mchungaji kijana aliyehamia juzi ajue zaidi ya alichoandikiwa. Hata hivyo nilikasirika, na hasira ile ilinisaidia nisilie mbele za watu. Huo muda mfupi ulikuwa mwaka mzima. Mimi nilikuwamo. Na watoto wa Zakaria walikuwa watano.

Nilikuwa nimetoka Morogoro usiku kucha baada ya Joshua, kijana wake mkubwa, kunipigia simu na kusema, "Shangazi, mzee ametutoka." Njia nzima, kupanda Iringa, kupita Mafinga, mpaka gari lilipokata kushoto pale Makambako kuelekea Njombe, nilikuwa nikijiuliza swali moja tu. Kulikuwa na neno ambalo mimi na Zakaria tulilijua na mkewe Ezelina hakuwahi kuambiwa. Zakaria ndiye aliyeniomba nilifiche, na nililificha tangu usichana wangu mpaka mvi hizi. Sasa mwenye siri amelala, na mimi nimebaki nayo peke yangu. Sikujua kama ni heshima kumzika nayo au ni dhuluma kwa yule mama aliyebaki.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi wa maabara na sijaolewa, na niseme mapema kwamba sikuolewa baadaye pia, ili msomaji asipoteze muda kungoja harusi. Profesa mmoja wa chuo kikuu, ambaye sisi tulimwita Profesa tu kana kwamba ndilo jina alilopewa na mama yake, alitaka kupima hewa ya nyanda zetu kabla makaa ya mawe ya Mchuchuma hayajaanza kuchimbwa na kuchomwa. Alisema lazima tujue hewa ilivyokuwa kabla, la sivyo hatutajua imeharibika kiasi gani baadaye. Tulikuwa na haraka, maana Mchuchuma ilikuwa inaanza mwaka unaofuata. Mpaka leo Mchuchuma inaanza mwaka unaofuata. Aliwaajiri watu wawili: mimi, na Zakaria, mwalimu kijana aliyekuwa akisubiri kupangiwa shule. Maabara tuliyoahidiwa ilikuwa inavuja, kwa hiyo mradi ukapanga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye mteremko wa kwenda mto Ruhuji, mashine ikawekwa sebuleni, Zakaria na mkewe wakapewa chumba cha kati, na mimi nikapewa kichumba cha uani kilichopakana na jiko. Kati ya sebule na chumba cha kati hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mbao zilizopigiliwa, na kati ya ubao na ubao ungeweza kupitisha kidole.

Ezelina alikuwa mjamzito wa kwanza, mwembamba, mwenye maneno. Kwa kuwa mimi na Zakaria tulitoka upande mmoja wa Ilembula na tulisalimiana "kamwene" kila asubuhi kabla ya Kiswahili chochote, aliamua kwamba mimi ni dada wa mumewe, akaanza kuniita wifi siku ya pili tu, na wifi nikawa mpaka leo. Alipika vizuri kupita kiasi kwa mshahara ule. Viazi mviringo alivipika kwa namna ambayo sijaiona tena: anavichemsha na maganda, anavimenya vikiwa vya moto huku akipuliza vidole, kisha anaviponda kidogo tu na karanga za kutwanga, vinabaki na mabonge. Tulikula sebuleni, sahani magotini, mashine ikinguruma pembeni. Mvua za masika zilipoanza Zakaria alileta ulanzi mtamu, pombe ya mianzi, ule wa siku ya kwanza ambao haujapata ukali, na Ezelina akanywa glasi moja huku akisema mtoto ndiye anayeutaka. Nikiwa uani niliwasikia wakiongea kitandani Kibena, sauti ya chini, wakigombea jina. Yeye alitaka Aneth akiwa msichana. Zakaria alitaka jina la shangazi yake, jina refu lenye irabu nyingi, na Ezelina akawa anacheka mpaka kitanda kinalia.

Mashine yenyewe ilikuwa bomba la chuma refu kuliko kitanda changu. Upande mmoja palikuwa na taa iliyotoa miale ya urujuanimno, ile ambayo jicho la mtu haliioni, na Profesa alitukataza tusiichungulie hata kwa utani. Ndani ya bomba kulikuwa na vioo vilivyorudisha miale huku na huko mara nyingi, ili isafiri mbali ndani ya nafasi ndogo. Upande wa pili palikuwa na kifaa cha kupokea kilichosalia, na kalamu iliyochora mstari kwenye karatasi inayotambaa polepole. Unajaza bomba hewa unayotaka kuijua. Kama ndani yake mna oksidi za nitrojeni, zitakula sehemu ya miale, na kalamu itashuka. Kila gesi ina tonge lake: ile ya kahawia, nitrojeni dioksidi, inakula sehemu hii ya miale, na ndugu yake asiye na rangi anakula kule mbali zaidi. Siku ya kutufundisha, Profesa alitia vipande vya waya wa shaba kwenye asidi ya nitriki chini ya upenu, moshi wa kahawia ukapanda ndani ya chupa, akavuta kidogo akauingiza kwenye bomba. Kalamu ilianguka kama mtu aliyekosa ngazi.

"Kwa hiyo kalamu ikishuka, kuna gesi," Ezelina alisema kutoka mlangoni, mikono juu ya tumbo.

"Ndiyo, mama," Profesa alijibu.

"Isiposhuka?"

"Hewa ni safi."

"Basi mje mpime jiko la mama mkwe," alisema. "La kuni. Karatasi zitawaishia."

Tulicheka wote, hata Profesa. Kila mtu aliyekuwa pale alijua hewa mbaya ni ipi: ni ile inayowasha macho na kuchafua dari.

Lakini mashine ya namna ile haijui lolote mpaka kwanza uionyeshe hewa isiyo na kitu, kama mwenye mizani anavyopima debe tupu kabla hajapima mahindi. Hewa hiyo tuliiita sifuri. Palikuwa na kichujio cha kuisafisha, kikaharibika mapema, na Zakaria akaenda posta kumpigia Profesa simu. Alirudi akitabasamu. Profesa amesema, sisi tuko Njombe, hewa yetu ni safi kuliko kichujio chochote, tuitumie hiyo hiyo ya chumbani mpaka kingine kije. Watu wa Njombe tunapenda sana kusifiwa hewa. Tulilipokea neno lile kama zawadi, na kuanzia siku ile kila asubuhi tulivuta hewa ya sebuleni, tukaijaza kwenye bomba, na mstari uliochorwa tukauita sifuri. Kichujio kingine hakikuja.

Hewa ya kupimwa ilitoka Makambako. Mara mbili kwa wiki mmoja wetu aliteremka kule na mifuko maalumu na pampu ya mkono, akasimama njia panda ambapo malori ya Zambia yanakutana na yale ya Songea, akajaza mifuko na kupanda basi la kurudi kabla gesi haijachakaa. Makambako ya wakati ule ilikuwa vumbi, dizeli na supu. Nilipenda siku zangu za kule. Nilikula chapati na supu ya utumbo kwa mama mmoja aliyeniuliza kila mara kama hewa yake imetoka vizuri, huku nikisikiliza madereva wakibishana juu ya breki. Siku moja konda wa basi aligonga mfuko wangu kwa kidole na kuuliza umebeba nini. Nikasema hewa. Akawageukia abiria: "Jamani, Makambako tumefika mbali. Sasa tunauza mpaka hewa." Abiria mmoja mzee akasema ni afadhali, vitu vingine vyote Wakinga, wafanyabiashara wetu, walishauza. Nilipomsimulia Ezelina jioni, alicheka mpaka akashika ukuta, na wiki hiyo hiyo akajifungua.

Alikuwa msichana, na akaitwa Aneth. Sitamwelezea sana. Mtoto mchanga ni mtoto mchanga, na mimi sikuwa na uzoefu nao. Nakumbuka tu kwamba alikuwa na nywele nyingi zilizosimama, na kwamba mngurumo wa mashine ulimtuliza. Akilia, Zakaria alimleta sebuleni, akamlaza kifuani na kuendelea kusoma mstari wa kalamu. Mtoto alilala papo hapo. Ezelina alisema, "Mtoto gani huyu anayebembelezwa na injini, atakuja kuolewa na dereva wa Makambako." Watu wakaanza kumwita Mama Aneth, na yeye aliitikia haraka mno, kwa furaha, kana kwamba anaogopa jina litachukuliwa na mwingine.

Kisha baridi ikaja. Aliyekaa Njombe mwezi wa sita hahitaji maelezo, na ambaye hajakaa hataamini. Nyasi asubuhi ni nyeupe, maji kwenye ndoo yana ngozi ya barafu, na ndani ya nyumba ya matofali yasiyopigwa lipu pumzi yako unaiona. Mama yake Zakaria alikuja kutoka kijijini kumtazama mjukuu. Alikuwa mama wa shoka, mkarimu, mwenye amri. Alikagua chumba cha kati, akaziba nyufa za nje kwa matambara, na akaelekeza jiko la mkaa liingizwe ndani jioni na likae mpaka asubuhi. Mkaa wa miti ya miwati, alisema, ule mzito unaokaa. Liwashwe kwanza nje mpaka liwe jekundu, moshi wote uishe, ndipo liingie. Hakuna aliyebisha, kwa sababu hakuna aliyeona cha kubishia. Sisi wote tulilelewa hivyo. Kuni zina moshi, mkaa hauna moshi, na mwenye kujaliwa mkaa anamshukuru Mungu. Ezelina alilifuata agizo kwa moyo wote. Kila jioni nilimwona uani akipepea jiko kwa kipande cha boksi, akiinama kulitazama, akingoja mpaka moshi wa mwisho uishe, kwa sababu hakutaka hata kidogo kimfikie mtoto. Alikuwa mwangalifu kuliko mama yeyote niliyemjua.

Ndipo sifuri yetu ilipoanza kuharibika. Asubuhi tulivuta hewa ya sebuleni kama kawaida, na mstari ambao masika yote ulikuwa umekaa juu, umenyooka, sasa uliteleza chini. Mchana ulipanda kidogo. Asubuhi iliyofuata ukashuka tena. Tulifuta vioo. Tulibadilisha taa. Zakaria alikwenda posta, na Profesa akasema baridi inasumbua taa, pasheni joto chumba. Basi tukafungua mlango wa kati ili joto la jiko lifike sebuleni, na mstari ukashuka zaidi. Tulianza kutoa ile tofauti kwa hesabu, tukiichukulia kuwa ugonjwa wa mashine. Tulipofanya hivyo, mifuko ya Makambako, iliyojazwa katikati ya malori, ilitoka ikiwa safi kuliko hewa ya Njombe. Zakaria aliinua karatasi juu na kusema kwa sauti ya mtangazaji wa redio, "Wananchi, imevumbuliwa kwamba dizeli inasafisha hewa." Tulicheka sana siku ile. Nyuma ya mbao Aneth alikuwa akikohoa, na Ezelina akasema tupunguze sauti.

Kikohozi kilianza kama vikohozi vingine. Wakampa maji ya vuguvugu, wakampaka mafuta kifuani, wakampeleka hospitali, akapewa dawa ya maji yenye rangi ya waridi na kupata nafuu. Kisha kikarudi. Mama mkwe akasema ni baridi imemwingia, aongezewe mkaa. Akaongezewa. Nilimsikia Ezelina alfajiri akihesabu pumzi za mtoto kwa kunong'ona, na ninaposema nilimsikia namaanisha kwamba hata kule uani sauti ile ilinifikia, sijui kwa nini sauti za chini zinafika mbali kuliko za juu. Mara ya tatu walipompeleka hospitali mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Daktari alisema nimonia. Akalazwa asubuhi, na saa tisa mchana Zakaria akaja mpaka mlangoni kwangu, akaegemea fremu, akasema, "Dada Tabitha, mtoto ametuacha." Nililia kuliko yeye. Yeye aliniambia nyamaza, kisha akaenda kutafuta watu wa kuchimba.

Wakati wa msiba moto ulikuwa nje. Wanaume waliota magogo uani, wanawake walipika kule nyuma, na chumba cha kati kiliachwa wazi, watu wakiingia na kutoka kumwona Ezelina aliyekaa kwenye mkeka akiutazama ukuta. Jiko la mkaa lilitolewa kupikia chai ya waombolezaji. Watu walipotawanyika, Zakaria alikuja sebuleni, akaiwasha mashine. Nilidhani anatafuta tu mahali pa kuweka mikono, na nilimwelewa, nikaja kumsaidia. Tulivuta hewa ya chumbani, hewa ya baridi kali, asubuhi ya ukungu, bila kupasha kitu joto. Mstari ukapanda juu, ukanyooka kama siku za masika. Tulirudia. Ukanyooka tena.

Alinitazama, akatoka nje. Ezelina alikuwa amepelekwa na mama mkwe kanisani. Nilimwona Zakaria akilijaza jiko mkaa wa miwati, akiliwasha, akilipepea kwa kile kile kipande cha boksi, akingoja moshi uishe kabisa. Akaliingiza chumba cha kati, akaliweka pale lilipokuwa likikaa, miguuni pa kitanda upande wa ukuta, akafunga mlango wa nje. Tukakaa. Tulivuta hewa, na kalamu ikashuka. Tukangoja, tukavuta tena, ikashuka zaidi, mahali pale pale ambapo ile ya kahawia hula. Akalitoa jiko, akafungua milango yote, na mstari ukapanda. Akaliingiza tena. Ukashuka. Kati ya vipimo vyote vya mwaka ule, vile vya asubuhi ile ndivyo pekee vilivyokuwa sahihi, na hakuna aliyevituma kwa Profesa.

"Tangu mwezi wa sita ilikuwa inatuambia," Zakaria alisema.

"Hatukujua."

"Hatukujua. Lakini ilikuwa inatuambia, na sisi tunatoa kwa hesabu."

Nilimwambia mambo ambayo mtu husema. Kwamba daktari kasema nimonia, na watoto wanapata nimonia hata kwenye nyumba zisizo na jiko. Ni kweli, na leo bado ni kweli. Tena leo najua kwamba jiko la mkaa lina gesi nyingine mbaya zaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo miale yetu haikuweza kuiona kabisa, kwa hiyo hata ile mashine iliyotuambia ilituambia nusu. Ni ipi iliyomchosha mtoto, au kama ni baridi, au ni mdudu tu aliyepita, sijui na sitajua. Zakaria alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema lile alilokuwa anataka kusema.

"Mama Aneth asijue. Yeye ndiye aliyekuwa akiliwasha, kila jioni, kwa mikono yake. Unajua watu watakavyosema? Msiba wa kujitakia hauna kilio. Watamnyima hata kulia. Na wasiposema wao, atasema mwenyewe moyoni. Niahidi, dada."

Nikaahidi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, na mwanamume mzima alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya udongo akishikilia jiko la moto kwa matambara. Ningeahidi chochote. Mradi ulifungwa mwaka ulipoisha, Profesa akiamini mashine imeshindwa na baridi ya kwetu. Mimi nilipata kazi Morogoro, Zakaria akapangiwa shule hapo hapo Njombe. Tulikutana kwenye harusi na ubatizo wa watu, tukaulizana habari za kazi. Alipopata mtoto wa kiume watu wakaanza kumwita mkewe Mama Joshua, na jina lile la kwanza likafutika midomoni mwa watu, na mimi pia nikamwita Mama Joshua.

Siku ya pili baada ya mazishi nilikaa na Ezelina nyuma ya nyumba, wageni wengi wakiwa wameondoka. Tulikuwa tunamenya viazi vya chakula cha mchana, beseni katikati yetu. Jua lilikuwa limetoka, lile jua la Njombe linaloangaza bila kupasha. Amenenepa, magoti yanamsumbua, lakini maneno yake ni yale yale. Alikuwa akinisimulia marehemu kama wajane wanavyosimulia, mara amsifu, mara amtete, bila kuona tofauti.

"Alikuwa mume mwema, wifi," alisema. "Hakunipiga, hakuninyima, na pombe aliiacha mapema. Sitamsema vibaya naye yuko udongoni. Lakini huruma ya watoto wadogo Mungu hakumpa."

Nikamuuliza kwa nini anasema hivyo.

"Wewe hukukaa nasi baadaye. Joshua alipozaliwa ilikuwa baridi, kama ile ya Aneth. Nikawasha jiko. Yeye akalitoa nje. Nikamwambia, baba, mtoto wa kwanza ametuponyoka kwa baridi, unataka na huyu? Akalitoa tu. Nikaingiza mablanketi, akafungua dirisha. Usiku, wifi, mwezi wa saba, dirisha wazi. Nafunga, anafungua. Namuuliza sababu, ananyamaza. Kwa wote wanne ilikuwa hivyo. Nilirudi kwetu mara mbili kwa ajili ya dirisha. Wazee walipomwita aeleze, alisema tu kwamba anapenda hewa. Hewa! Mama yake mwenyewe alimwambia ana roho ya jiwe."

Kisu changu kilikuwa kimesimama katikati ya kiazi. Nilijua kwamba nikinyamaza sasa, nitakuwa nimenyamaza mpaka kaburini, na kwamba yule niliyemwahidi hakuniambia kamwe siri ile ilimgharimu nini. Alidhani anamkinga mkewe na maneno ya watu, na akakubali yeye ndiye asemwe. Nikaweka kisu chini na kumwambia. Nilimwambia polepole, kuanzia ile kalamu iliyoshuka, mpaka asubuhi ile yeye na mama mkwe walipokuwa kanisani, mpaka maneno aliyoniomba. Sikumpunguzia kitu, na pia sikuficha kwamba sijui kwa hakika.

Hakulia. Alisema neno moja tu. "Ni mimi niliyekuwa nikiliwasha."

"Ni wewe. Na sisi tulikuwa wawili, wenye elimu na mashine, tumekaa nyuma ya mbao tunacheka."

Kutoka mbele ya nyumba tulimsikia Joshua akiongea na watu wa viti na maturubai. Ezelina alichukua kiazi, akakigeuza, akakirudisha kwenye beseni bila kukimenya.

"Wote wanne walipona," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyebanwa kifua."

"Ndiyo, wifi."

"Mwezi uliopita, hospitalini, aliomba dirisha lifunguliwe. Nikamwambia mbele ya watoto, wewe baba miaka yote hukuwahi kuwaonea wanangu huruma, sasa unataka kunigandisha na mimi. Nilisema hivyo wifi, kwa sauti, na manesi wakasikia." Alijifuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Na yeye akanishika mkono, akaniomba msamaha."